Zizi la Chupa

Siku hizi mwenye gari la umeme hutazama kioo kilicho mbele ya usukani, kikamwambia betri yake imechakaa kiasi gani na imebakiwa na mwendo gani. Zamani za Mjerumani, pale Dodoma, kazi hiyo ilifanywa kwa ulimi. Ulimi wenyewe ulikuwa wa Sila Ndahani, Mgogo wa kijiji cha Kikuyu, kando ya Dodoma, mtunza betri wa nyumba ya simu.

Simu ninayoisema si hii ya kuweka sikioni. Ulikuwa waya uliotoka pwani ukifuata reli, ukapita Dodoma, ukaendelea magharibi hadi Kilimatinde na kwingineko. Karani alibonyeza kigongeo, kifupi na kirefu, na mwenzake wa upande wa pili akasoma nukta na mistari iliyojichora kwenye utepe wa karatasi. Habari za magunia ya karanga, za treni kuchelewa, za mzungu fulani kufa kwa homa, zote zilipita hapo. Lakini waya peke yake ni chuma tu. Nguvu ya kuzisukuma habari hizo ilitoka chumba cha nyuma, ambacho wageni hawakuonyeshwa, na humo ndimo Sila alimokuwa na enzi yake.

Kwenye rafu za chumba kile zilipangwa chupa pana za kioo, kila moja imefungwa kwa waya na jirani yake, mkia wa hii kwenye pua ya ile. Ndani ya chupa, chini kabisa, kulilala kipande cha shaba kilichofunikwa na mrututu, yale mawe ya buluu. Juu ilining'inia pete nene ya zinki. Kilichobaki kilikuwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati la stesheni, maana maji ya visima vya Dodoma yana chumvi na chupa hazikuyataka. Mrututu ulipoyeyuka, maji ya chini yakawa buluu na ya juu yakabaki meupe, na katikati ukajichora mstari. Mstari ukishuka sana, chupa ina njaa, iongezwe mrututu. Ukipanda mpaka ukaigusa zinki, chupa imevimbiwa, na zinki huota ukoko mweusi ikaanza kuoza. Kazi ya Sila ilikuwa kuulinda mstari ule, kukwangua zinki, na kuijua chupa inayochoka kabla haijawachosha wenzake.

Alijuaje? Alionja. Asubuhi, kabla karani hajaanza kazi, alizifungua chupa moja moja akaweka ncha mbili za waya ulimini. Chupa yenye afya iliuma kidogo na kuacha uchachu wa ukwaju. Iliyochoka ilikuwa na ladha ya kijiko. Kati ya hizo mbili kulikuwa na ladha nyingine nyingi ambazo Sila alizijua lakini hakuwa na majina yake. Watu wa stesheni walimcheka, wakasema Mgogo anaonja chupa kama mpishi anavyoonja mchuzi. Mkewe Loisi hakucheka. Ulimi wa mumewe ulikuwa umekwisha kufa kwa mambo ya nyumbani, na mlenda alioupika kwa uangalifu wote wa binti aliyelelewa na misheni ya Mvumi uliambiwa kila siku kwamba hauna chumvi.

"Ulimi wako umeuoa ule mrututu," alimwambia. "Mimi nimebaki na meno tu."

Chupa zile zilikuwa na majina. Kulikuwa na Kipaji, kwa kuwa kioo chake kilikuwa na doa jeupe usoni. Kulikuwa na Mnene, na Machozi aliyekuwa akitoka jasho ubavuni, na Bibi Harusi aliyekuja mwisho akiwa anang'aa. Na kulikuwa na Kibogoyo, aliyevunjika mdomo. Bwana Posta, Mjerumani mrefu mwenye kikohozi ambaye jina lake la kwao hakuna aliyeweza kulitamka bila kurusha mate, alimwuliza Sila siku moja chupa ziko ngapi.

"Zipo zote, bwana."

Alipoulizwa mara ya pili alianza kuzitaja kwa majina. Kwao mtu hahesabu mifugo yake kwa sauti, asije akaliita jicho la husuda. Bwana Posta akazihesabu mwenyewe kwa kidole, na siku ile Sila alizunguka chumba kile kwa wasiwasi mpaka jua likatua.

Usimcheke upesi. Baba yake alikuwa mtu wa ng'ombe. Utotoni mwa Sila zizi la nyumbani lilijaa hata ng'ombe wa mwisho kuingia wakawa wanasukumwa kwa mabega, na katika maisha yake yote hakukuwa na kitu alichokitamani tena kama asubuhi za masika za miaka ile: harufu ya samadi mbichi, mvuke ukipanda kutoka migongoni, baba akipita katikati akiwagusa mmoja mmoja na kuwaita. Kisha ikaja sotoka. Ng'ombe mama wa zizi, mkongwe aliyewazaa karibu nusu ya wale wengine, alianza kutokwa na machozi na udenda. Majirani wakasema atolewe. Baba akasema mama wa zizi hatolewi. Basi akafia humo humo, na waliolala karibu naye wakafa, na waliolala mbali naye wakafa, hata fisi wakashiba wakaacha kuja.

Alibaki mtamba mmoja tu, kwa sababu hakuwepo. Alikuwa kijiji cha Msalato kwa rafiki ya baba, kwa ile desturi ya Wagogo ya kumwekea mwenzio ng'ombe, akamtunza na kunywa maziwa yake, na ng'ombe akabaki kuwa wako. Mtamba yule alirudi, akazaa, watoto wake wakazaa, na uzao ule ndio uliotoa mahari ya Loisi. Mahari ilipokwisha kutoka, zizi likawa tupu. Sila akawa na mke mwema na fimbo ya kuchungia isiyokuwa na cha kuchunga.

Ndipo reli ilipofika. Sila alibeba nguzo za simu pamoja na vijana wengine, na siku masanduku ya chupa yalipofunguliwa, yeye ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Chupa ya kwanza kutolewa kwenye majani makavu ilikuwa imemeguka mdomo.

"Tupa," akasema Bwana Posta.

Sila aliishika. Ilikuwa nzito, ya baridi, na tumbo lake la kioo lilikuwa zima kabisa. Akauliza kama inavuja. Bwana Posta akamtazama, akakohoa, akamwambia ajaribu basi. Ilikuwa ndiyo chupa ya kwanza Sila kuipanga kwa mkono wake, akielekezwa shaba iende wapi na zinki ining'inie vipi, na walipounganisha waya na sindano ndogo ya chombo cha Bwana Posta ikaruka, Sila alicheka peke yake kama mtu aliyeona ndama akisimama kwa miguu yake. Toka siku hiyo Bwana Posta hakumrudisha tena kwenye nguzo.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, na mimi nasema hivyo bila kuona haya, ingawa enzi yenyewe ilikuwa ya viboko na kodi na mtu kuitwa boma asijue kama atarudi kwa miguu yake. Mtu huwa na furaha yake hata katika enzi mbaya. Sila aliingia chumbani jua likipenya dirishani na kuzipita chupa zote kwa mstari, na ule ubuluu ukamwagika ukutani mpaka kwenye mikono yake. Aliwaonja, akawakwangua, akawanywesha maji ya mvua. Akifunga mlango alisikia kule mbele kigongeo kikianza kulia, na alijua kwamba sauti ile inakunywa maziwa ya ng'ombe wake. Nani alikuwa na zizi Dodoma nzima ambalo maziwa yake yalifika Kilimatinde kabla hayajapoa?

Shida ilianza kiangazi kimoja, mwaka mmoja hivi kabla ya vita kuu. Karani wa simu wakati huo alikuwa Athuman, kijana wa Kirangi kutoka Kondoa, mtu wa kanzu safi na adabu nyingi, aliyesomeshwa kazi yake pwani. Kilimatinde wakaanza kumwomba arudie. Kwanza maneno marefu tu. Baadaye wakawa wanaomba arudie kila kitu, kwamba nukta zinafika zimekatika na mistari inafika kama nukta. Athuman alibonyeza kwa nguvu kana kwamba nguvu ya kidole ingesaidia.

Bwana Posta hakugomba. Alimwita Sila barazani akamwambia, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kwamba mkaguzi wa waya anakuja kwa treni kutoka Dar es Salaam akiwa na kipimo kikubwa cha sindano. Huko Ulaya sasa kuna betri kavu. Hazitaki maji, hazitaki mrututu, hazitaki mtu wa kuzitunza. Sindano ya mkaguzi isiposimama vizuri, chumba cha chupa kitafungwa na betri kavu zitaagizwa.

"Na mimi, bwana?"

Bwana Posta akatazama upande wa reli. "Wewe utarudi nyumbani kwa ng'ombe zako."

Hakuwa na nia mbaya. Alidhani kila Mgogo ana ng'ombe nyumbani. Sila akainamisha kichwa, akarudi chumba cha nyuma, akasimama katikati ya chupa zake kama mtu aliyeambiwa sotoka imeonekana kijiji cha pili.

Alifanya kazi kama mwendawazimu. Alibadili maji. Alikwangua zinki mpaka zikawa nyeupe. Alikaza waya zote, akawaonja wote tena, na wote walikuwa wachachu kama ukwaju, Mnene, Kipaji, hata Machozi. Na bado Kilimatinde wakaomba kurudiwa.

Asubuhi moja Athuman aliingia chumbani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Shikamoo, mzee Sila."

"Marahaba. Kilimatinde wameamkaje?"

"Wameamka viziwi. Mzee, umewaonja wote?"

"Wote wazima."

"Na Kibogoyo?"

Sila akajifuta mikono kwenye kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. "Kibogoyo ndiye mama wa zizi hili. Mama wa zizi akizeeka hakamuliwi. Anaachwa apumzike."

"Lakini hapumziki. Waya unapita ndani yake kama unavyopita kwa wengine."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Wewe Mrangi wa milimani na mimi Mgogo wa nyika," akasema Sila, "samaki tunawajulia wapi?"

Athuman akacheka, ila hakuondoka. Alichutama mbele ya rafu, kanzu yake ameikunja magotini, akaeleza kwa upole kama mtoto anayemweleza baba yake. Watu wamejipanga kutoka kisimani mpaka kwenye nyumba inayoungua, wanapokezana ndoo. Mmoja wao mikono imekufa ganzi. Waliobaki wawe na nguvu za simba, ndoo zitakwenda kwa mwendo wa yule mmoja. "Si kosa lake, mzee. Lakini moto haujui hilo."

"Nenda kabonyeze kigongeo chako," akasema Sila.

Athuman akaenda. Sila akabaki akimtazama Kibogoyo, au tuseme akiutazama mgongo wake, maana alikuwa amemgeuza upande uliomeguka uelekee ukutani. Alikuwa amemgeuza yeye mwenyewe, miezi mingi nyuma, na sababu aliijua. Kibogoyo alipoanza kudhoofika, Sila alimfanyia kile ambacho kila mchungaji wa kwao humfanyia ng'ombe mkongwe: humtenga kidogo na wenziwe, akamlambisha magadi kwa kificho ili apate nguvu. Magadi ya Kibogoyo yalikuwa mrututu. Alimwongezea leo, akamwongezea kesho. Mstari wa buluu ukapanda, ukaigusa zinki, zinki ikaota ukoko, na kadiri ukoko ulivyozidi ndivyo Sila alivyozidi kumlambisha. Hakumwonja kwa sababu alikwisha jua ladha atakayoikuta.

Alirudi nyumbani mapema, jua bado kali. Loisi alikuwa uani akipepeta uwele, na binti yao Anyesi alikuwa akiokota punje zilizorukia vumbini. Sila akakaa kwenye kigoda, akamweleza mkewe yote, mkaguzi, sindano, betri kavu, na maneno ya Athuman kuhusu ndoo. Hakuacha kitu, hata mrututu wa kificho.

Loisi akaendelea kupepeta kwa kitambo.

"Baba Anyesi," akasema mwishowe, "habari ya sotoka nimeisikia kwako mara nyingi. Nikisikia nalia. Lakini kila ukiisimulia unamsifu baba yako kwamba hakumtoa mama wa zizi. Mpaka leo sijakuuliza. Unamsifia nini?"

Sila akainama, akaokota punje moja iliyomkosa Anyesi.

"Alimpenda yule mmoja, akawazika wote. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Wewe pia unampenda yule mmoja."

"Nikimtoa nitamtupa wapi? Aliokotwa kwenye majani ya sanduku. Tangu siku ya kwanza walitaka atupwe."

"Nani kakwambia umtupe?" Loisi akaweka ungo chini. "Mimi nimeolewa kwa ng'ombe asiyekuwepo zizini. Angekuwepo, wewe leo ungekuwa kapera na mimi ningekuwa naimba nyimbo za misheni Mvumi. Mlete kwangu. Weka ng'ombe wako kwa mwenzio kama walivyofanya wazee wako. Mimi nitamtunza."

"Na maziwa yake?"

"Maziwa yake nitajua mwenyewe."

Sila alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Alimlilia Kibogoyo, na alimlilia baba yake pia, ambaye kwa mara ya kwanza alimwona kama mtu aliyekosea kwa sababu ya mapenzi.

Kesho yake alimwonja Kibogoyo. Alimgeuza mdomo wake uliomeguka ukatazama mwanga, akafungua waya, akaweka ncha ulimini. Hakukuwa na uchachu, hakukuwa hata na ladha ya kijiko. Ilikuwa kama kulamba jiwe. Alisimama hapo na waya mdomoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamtoa, akawaunganisha Machozi na Bibi Harusi waliokuwa jirani zake kulia na kushoto, na nafasi yake rafuni akaiacha wazi. Akaenda kumwomba Bwana Posta ruhusa ya kuondoka na chupa mbovu.

"Mimi nilisema tupa tangu zamani," akasema Bwana Posta.

Mkaguzi alipofika, mtu mfupi aliyenuka sigara, alifungua sanduku lake la ngozi, akaunga waya zake kwenye ncha mbili za zizi. Sila hakuweza kuitazama sindano. Aliutazama uso wa Athuman aliyekuwa mlangoni, na Athuman akafumba macho mara moja, polepole, kama mtu anayesema alhamdulillahi moyoni. Mkaguzi akagunaguna, akasema chumba kibaki. Kule mbele Athuman akabonyeza salamu ya kawaida kwa Kilimatinde, na utepe ukarudi na nukta safi. Aliusoma kwa sauti ili Sila asikie: "Mnasikika vizuri. Mmekula nini?"

Kibogoyo akahamia Kikuyu. Loisi alimwosha kwa majivu na maji ya moto, akarudia, akarudia tena, na bado akaapa kwamba chakula cha Anyesi hakitaingia kwenye chombo cha sumu. Alimtilia mbegu za uwele zilizochaguliwa za kupanda mwaka unaofuata. Panya hawezi kutafuna kioo. Mdomo ule uliomeguka aliufunika kwa ngozi ya mbuzi akaufunga kamba. Sila akirudi kazini alimgonga kwa ukucha kwanza, ndipo akawasalimu watu.

"Ng'ombe wangu anaendeleaje?"

"Hana maziwa," Loisi alijibu, "lakini hana ulafi pia."

Halafu vita ikaja. Sasa betri kavu hazingeagizwa hata zikitakiwa, maana bahari ilifungwa na meli hazikufika. Zinki ikawa adimu, mrututu ukawa wa kupimwa kwa kijiko. Sila alilinda mstari wa buluu kama mtu anayelinda moto siku ya upepo, na zizi lake likaendelea kutoa. Zile ndizo zilizokuwa siku zake za fahari, na watu wazima wa Dodoma walizikumbuka baadaye kwa njaa na kuchukuliwa upagazi. Yeye alizikumbuka kwa vyote, kwa njaa na kwa ule ubuluu ukutani, na hakuweza kuvitenganisha.

Mwaka wa pili wa vita ulipokaribia kwisha, Waingereza wakaichukua Kondoa, wakaanza kushuka. Kiangazi kile, mchana mmoja wa vumbi, Bwana Posta akaingia chumba cha nyuma akiwa na nyundo.

"Sila. Chupa zote, vunja. Adui asipate kitu."

Akamnyooshea ile nyundo. Sila akaiangalia, akaweka mikono yake nyuma.

"Sitaweza, bwana."

Mjerumani yule angeweza kumpiga, wengine walipigwa kwa dogo kuliko hilo. Alikohoa tu. Akamwambia atoke nje.

Sila akakaa kwenye ngazi za nyuma. Athuman akaja akakaa karibu yake, kigongeo chake kimekwisha ng'olewa. Wakasikia pigo la kwanza.

"Mnene," akasema Sila.

Alizijua kwa sauti. Nene ilivunjika kwa kishindo kizito, yenye kioo chembamba kwa mlio mkali. "Kipaji," akasema. "Machozi." Alizitaja zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya chini kama baba yake alivyokuwa akiyataja majina ya ng'ombe asubuhi zile za masika, na Athuman, ambaye kila siku alikuwa na neno la mzaha juu ya zizi la mzee, akainamisha kichwa akasikiliza. Ya mwisho ilikuwa Bibi Harusi. Chini ya mlango yakatoka maji ya buluu, yakatambaa kwenye ngazi, yakanywewa na mchanga.

Bwana Posta akatoka, viatu vyake vimelowa rangi. Akasimama.

"Zilikuwa hizo zote?"

"Zote, bwana," akajibu Sila, sauti ile ile aliyomjibu nayo miaka ile alipoulizwa ziko ngapi.

Bwana Posta alijua kuhesabu, na ile nafasi tupu rafuni alikuwa akiiona kila siku. Akamshika Sila mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda zake kuelekea treni.

Athuman naye akaaga. Kwao Kondoa sasa kulikuwa kwa Mwingereza, na hakujua atakuta nini, ila alisema atakwenda kwa miguu, mama yake yuko kule. "Nisalimie Kibogoyo, mzee," akasema. Wakapeana mikono mara mbili, ya pili wakasahau kuachana.

Sila alipofika Kikuyu alikuta mlango wazi na ua umevurugika. Askari waliokuwa wakirudi nyuma walikuwa wamepita nyumba hadi nyumba wakitafuta chakula. Ghala lilikuwa limefagiliwa. Mbuzi hawapo. Hata kibuyu cha chumvi kilikuwa kimekwenda. Loisi alikuwa amekaa chini karibu na jiko, Anyesi amemlalia mapajani, na mbele yao, katika majivu, kulikuwa na shimo lililochimbuliwa upya.

Pembeni mwa shimo alikuwa Kibogoyo, amejaa majivu, ngozi yake ya mbuzi bado imefungwa.

"Walichukua vyote vilivyokuwa mahali pake," Loisi akasema. "Huyu hakuwepo. Nilipowasikia nilimzika jikoni. Mbegu ipo yote, Baba Anyesi. Mvua ikija tutapanda."

Sila akachuchumaa. Alitaka kumweleza habari za nyundo, za Mnene na Bibi Harusi, za maji yaliyonywewa na mchanga, lakini Loisi alikuwa amekwisha iona mikono yake mitupu akaelewa. Akafungua kamba. Uwele ulikuwa umejaa mpaka karibu na pale palipomeguka, mkavu, wa rangi ya kijivu, hauna hata kidudu. Basi Sila, kwa mazoea ya miaka yote ile, akaushusha uso wake, akaugusa kwa ulimi mdomo ule uliovunjika. Akalisikia vumbi la uwele, na majivu, na kwa mbali sana uchachu, ambao pengine ulikuwa wa machozi yake tu.

Siku ile Loisi alipika mlenda kidogo wa majani aliyoyachuma nyuma ya nyumba, bila chumvi kabisa, maana chumvi haikuwepo. Sila akala, akalamba vidole. Mkewe akamsubiri aseme.

"Leo umekolea," akasema Sila.